Mashini Isiyoogopa Waya

Siku ile mulipokuja kwangu hapa Ngezi, mu Bunia, mulikuwa watatu, na swali lenu lilikuwa moja. "Papa Uketi, tunataka kununua tondezi, ile mashini ya kukata majani yenye mutu anakalia juu. Tuwe tunakatia watu majani mu maparsele, mu viwanja vyao. Tuchukue ya bei chini ao ya bei kali?" Nikawajibu: ya bei kali. Mukafurahi, mukapeana mikono, na ule mukubwa wenu akasema yeye alijua tu. Mukaondoka. Hata viti havikupata moto.

Vijana wangu, mulienda mbele sijamaliza kusema. Jibu lile ni la kweli, silirudishi. Lakini ni nusu. Nusu ingine inaniuma, na kwa mudomo siiwezi, nitaanza kukohoa na ninyi mutaanza kuangalia telefone zenu. Basi naiandika. Musome pole pole. Mahali mutaona nimekasirika, musishituke, mimi njo vile nilivyo tangu zamani, hata mama wa nyumba hii atawaambia.

Nimetengeneza mashini maisha yangu yote. Miaka ya mwisho, mbele mugongo haujanikatalia, nilikuwa mekanisiye wa misioni moja kubwa upande wa Mbunya. Jina lake nitaliacha, halina faida hapa. Parsele ilikuwa kubwa sana: kanisa, shule, bweni la wasichana, uwanja wa mupira, na chini kabisa bonde dogo lenye majani laini kupita yote. Wakati wa vita waaskari walipiga kambi kule bondeni. Walipoondoka walitwachia waya za miiba, mikebe, misumari, na kila takataka ya mutu ambaye hana nia ya kurudi kufagia. Majani yakaota juu. Munajua majani ya kwetu: mvua ikinyesha mara mbili, huwezi kuona hata mahali mutu alizikwa.

Zamani tulikata kwa kupekupe, panga la kufyekea. Wanaume walisimama mustari moja, mwenye sauti nzuri mbele, na mikono ilifuata wimbo. Kazi ilikuwa nzuri kwa macho na mbaya kwa kiuno. Kiisha wakubwa wakasema dunia imeendelea, inunuliwe mashini.

Ya bei chini njo ilitangulia. Iliingia kwa njia ya Mahagi, juu ya kamyo ya mizigo, imefungwa nailoni kama keki ya ndoa. Nyekundu, inang'aa, na taa mbili mbele. Watoto wa shule walipiga makofi. Frère Ekonomu, yeye aliyekuwa anashika mali ya misioni, aliizunguka akiipapasa kila mahali. Mimi nililala chini, nikaangalia tumbo lake. Musikie hii vizuri: rangi ni ya muuzaji, tumbo ni lako.

Bati la kufunika visu lilikuwa jepesi. Nililigonga kwa kidole, likalia kama sahani. Magurudumu ya mbele hayakuwa na rulma, zile gololi za ndani, chuma kilisugua chuma tu. Na bwati, ile inayosukuma magurudumu ya nyuma, haikuwa na buloni, ile skrubu ya kumwagia mafuta mazee. Nilitafuta na tochi, nikapapasa na vidole. Hakuna! Imefungwa milele. Maana yake wale walioitengeneza walikwisha kujua siku yake ya kufa, na hawakutaka mutu awasumbue.

"Frère," nikasema kutoka kule chini, "hii itatutesa."

"Masta, weye kila kitu kipya unakiona kibaya."

"Hapana, Frère. Kibaya njo nakiona kibaya."

Hakucheka. Alikuwa mutu muzuri, musimufikirie vibaya. Alikuwa na watoto wengi wa kulisha kule bwenini, na mutu mwenye watoto wengi anapenda sana neno "bei chini".

Dereva wake alikuwa Faustin, kijana mwembamba kama mulingoti wa bendera. Chini ya kiti cha mashini hizi kuna kifaa kinachojua kama mutu amekaa. Ukisimama, motere inazimika, ili visu visikukate muguu. Sasa Faustin hakuwa na uzito, na uwanja wetu ulikuwa umejaa vichuguu vya muchwa vilivyokatwa nusu. Akipita juu ya kimoja anaruka, mashini inafikiri ameshuka, inazimika. Anawasha. Anaruka. Inazimika. Asubuhi nzima! Kesho yake alikuja na mufuko wa muchanga, akaupakata juu ya mapaja. Wasichana wa bweni wakawa wanamusalimia kutoka dirishani: "Papa Faustin, mutoto amelala?" Naye anajibu, "Musimuamushe, anaota meno."

Muliocheka, chekeni. Lakini najua mafundi wa magaraji hapa mujini ambao watawaambia, "Leteni, tutafunga kile kifaa na waya kidogo, kisisumbue tena." Wapi! Musikubali. Mufuko wa muchanga ni aibu tu, na aibu haikati mutu muguu.

Muzee Udaga aliyenifundisha kazi, Mungu amupumuzishe, alikuwa anasema mashini haifi gafula, inasema kwanza. Ukipiga mluzi wakati motere inaunguruma, alikuchapa kofi la mudomo. "Nyamaza! Inakuambia kitu." Mimi nilichapwa sana, njo maana mpaka leo sijui kuimba. Kwake nilijifunza kuchuja esanse, mafuta ya motere, na kitambaa, maana bido, madumu yale ya barabarani, zinabeba maji kama zinabeba esanse. Kwake nilijifunza kungojea umande ukauke, na majani marefu kuyakata mara mbili, juu kwanza, kiisha chini, usiwe na tamaa ya kumaliza na pigo moja. Na kabla ya kununua mashini yoyote, shika mukanda wake, zunguka nao sokoni, uulize nani anauza wa namna ile. Kama kila duka linakuangalia kama umetoka mwezini, usinunue.

Siye tulinunua. Siku tuliyoshuka nayo bondeni, waya wa miiba ulijivingirisha kwenye muhimili wa visu, mukanda ukaungua, harufu ikafika mpaka altareni. Nililala chini ya ile mashini nikikata waya na pensi, yaani koleo, kipande kwa kipande, damu mikononi, matusi mudomoni. Mukanda mupya hakuna Bunia nzima. Nikaweka mukanda wa mashini ya kusaga mahindi, karibu sawa, si sawa. Juma lililofuata, waya tena.

Nikamwambia Frère: hii kitu haiwezi kutembea bila mutu mbele yake. Mutu wa kupita kwenye majani na fimbo, kutoa waya, kutoa mawe, kutoa mikebe. Akafikiri, akauliza kama namujua mutu kama huyo, mwenye macho mazuri na uvumilivu.

Namujua. Jirani yangu.

Mama Katusabe alitoka Bogoro wakati wa moto wa vita. Kwao ni watu wa ng'ombe, tangu babu za babu. Bwana yake alikufa kule, ng'ombe zote zilienda, nyumba iliungua, yeye akafika hapa Ngezi na nguo aliyovaa. Miaka ilipita akiuza mihogo ya wengine. Kiisha ndugu ya bwana yake alimupa ndama mwanamuke mumoja. Hiyo ni desturi yao, mutu hapewi pole kwa maneno tu, anapewa muzizi wa kuanzia. Ndama alikuwa wa rangi nyekundu nzito kama udongo wa barabara, akamuita Bihogo, na kwa lugha yao jina hilo ni la rangi ile. Alimufunga kamba nyuma ya nyumba, karibu na ukuta wangu. Usiku wote nilikuwa nasikia ile kitu inatafuna.

Nilimuuliza siku moja, "Mama, sasa barabara ya Bogoro imetulia kidogo, wenzako wanarudi. Weye unangoja nini?"

"Nangoja Bihogo azae, baba."

"Si urudi tu, uzalishe kule?"

Aliniangalia kama mutu anamuangalia mutoto aliyekojoa kanisani. "Nilitoka kule nikiwa mutu mwenye zizi. Nirudi na kamba moja na ng'ombe moja isiyozaa? Watasema, yule maskini amekuja kuomba. Nitarudi na mama na mutoto wake wanatembea mbele yangu. Hapo watasema, Katusabe amerudi."

Mwana wa ndugu yake alikuwa amekwisha kumujengea zizi kule, miti imesimama, mulango umewekwa. Kulikosa ng'ombe tu. Mimi kwetu ni watu wa ziwa, upande wa Mahagi, samaki na mihogo. Ng'ombe kwangu ilikuwa nyama ya Krismasi. Lakini nilielewa. Mutu anajua mwenyewe namna gani anataka kuonekana siku ya kurudi.

Basi akaanza kazi. Kila asubuhi umande ukikauka, yeye mbele na fimbo na gunia, Faustin nyuma na mashini yake na mutoto wake wa muchanga. Hakuwa na haraka. Alipapasa majani na vidole vya miguu, viatu ameviweka kando, akiinama anatoa waya murefu kama nyoka, anauvingirisha, anatia ndani ya gunia. Frère alimulipa kidogo, na juu yake alimupa majani yote yaliyokatwa. Hayo njo aliyataka. Mujini huwezi kuachilia ng'ombe itembee, itakula maua ya watu na utafungwa wewe. Jioni alipita na shuka limejaa majani kichwani, na Bihogo alianza kulia alipomusikia bado yuko njiani. Ng'ombe ile ilinenepa. Ikang'aa. Ikapandishwa, ikashika mimba.

Mashini, yenyewe, ilikuwa inakufa. Kila juma kitu. Bati la visu likapasuka pembeni, nikalishona na moto, likapasuka karibu na pale nilishona. Mwisho bwati ikakataa kupanda mulima wa kanisa. Faustin alishuka akawa anaisukuma, na ikawa sasa mashini imekalia mutu. Nilimwambia Frère, mbele ya watu, kwamba kama tungenunua ya bei kali tangu mwanzo tungekuwa tumelala usingizi. Nilikuwa na haki. Bado niko na haki. Ninyi musinunue ya bei chini, nasema mara ya pili.

Wafadhili wa Ulaya wakasikia, wakatuma ya bei kali. Ee mama yangu! Hiyo sasa ilikuwa mashini. Haikung'aa sana. Nililala chini, nikagonga, na lile bati halikulia, lilinijibu "mm" kama muzee. Chuma kinene kilichoungwa, si kilichokunjwa. Kila muhimili una mahali pa kuingiza grese. Bwati ina buloni yake chini, inafunguka kwa ufunguo wa kawaida, mafuta yanatoka, mafuta yanaingia. Nilikaa pale chini zaidi ya lazima. Sitadanganya, nilisikia furaha.

Tulishuka nayo bondeni. Mama Katusabe mbele, kama kawaida. Lakini waya moja ulimupita, ulikuwa chini ya udongo, na mashini ikaupata. Sote tukakunja uso. Tukasikia "tak", basi. Motere haikubadilisha hata sauti. Faustin akageuka nyuma, akaangalia, akarusha mikono juu kama mutu aliyefunga bao. "Masta! Imeukula!"

Nilizima, nikaangalia visu. Hakuna kitu. Muhimili safi, mukanda safi. Waya haukuwepo.

Siku hiyo Frère alisema Mama Katusabe anaweza kupumuzika sasa. Hakusema vibaya. Alisema, "Mama, umetumika sana, na magoti yako naona yanakuuma. Hii mashini haiogopi waya. Majani uendelee kuchukua, ni yako." Malipo yake madogo yaliisha, kweli. Lakini mama mwenyewe alipiga magoti kidogo akashukuru. "Aksanti, Frère. Kweli magoti yalikuwa yamenishinda." Na mimi nilimucheka njiani, nikamwambia sasa umekuwa madamu, unapata majani bila kazi. Akacheka naye. "Bihogo amebakiza kidogo tu, baba. Acha nikusanye nguvu za kutembea Bogoro."

Tangu siku hiyo hakutembea mbele. Alitembea nyuma, na shuka lake, akiokota yale mashini inatupa.

Vijana, musome hapa pole pole. Ile mashini ya bei chini ilikuwa inaogopa waya, kwa hiyo waya ulitolewa. Ile ya bei kali haikuogopa, kwa hiyo waya ulikatwa. Vipande vifupi kama kiungo cha kidole, vyembamba, vya kutu, rangi yake na rangi ya shina kavu ni moja. Vinarushwa pamoja na majani. Mama alikuwa anakung'uta majani yake, kila jioni, nilimuona. Alitafuta waya ule anaoujua, murefu, wa miiba. Alijua tumbo la ng'ombe. Mimi nilijua tumbo la mashini. Hakuna kati yetu aliyejua kwamba kulikuwa na njia kutoka tumbo moja mpaka lingine.

Na ng'ombe haichagui. Mbuzi inachagua, mbuzi ina akili ya mudomo. Ng'ombe inazoa na ulimi, inameza, itatafuna baadaye. Hiyo nimefundishwa nikiwa muzee, na ningefurahi kufa bila kuijua.

Kwanza Bihogo aliacha kulia jioni. Mimi kule upande wangu wa ukuta nilijua kabla sijaambiwa, maana usiku ulikuwa kimya. Hakuna kutafuna. Asubuhi nilimukuta amesimama na mugongo umekunjwa juu, miguu ya mbele ameitanua, shingo imenyooka. Hakutaka kulala. Hakutaka kushuka hata kile kimulima cha kwenda kwenye maji. Akipumua, kila pumzi ilikuwa na kamulio kadogo mwishoni.

"Ni mimba?" niliuliza.

"Si mimba." Mama Katusabe alikuwa ameshika mukia wake, uso umekauka. Alimubana Bihogo mukunjo wa ngozi pale mabegani, ng'ombe akaugua kwa maumivu. Akabana tena. "Baba, kuna chuma ndani ya hii ng'ombe."

"Chuma? Chuma gani?"

"Sijui. Kwetu wazee walikuwa wanabana hivi. Akiugua, ni chuma."

Tulimuita veterinere, daktari wa ng'ombe, kijana mupole, mwenye mabuti. Alisikiliza kifua, alisikiliza tena, akavua kofia. Alisema kama ingekuwa mapema angemumezesha sumaku ishike kile chuma kisitembee. Lakini mimba imekuwa kubwa, ndama anasukuma tumbo, tumbo linasukuma chuma, na chuma kimekwisha kufika pazuri pa moyo. Hivyo njo alisema, "pazuri pa moyo," maskini, alitaka kusema karibu kabisa na moyo, maneno yalimupotea.

"Na mutoto?" mama aliuliza. "Mutoto wake?"

"Bado hajafika wakati, mama. Hataishi inje."

Mama alikesha na Bihogo usiku ule wote na siku iliyofuata. Alimuimbia. Mimi sijui ile lugha, lakini wimbo wa kubembeleza hauhitaji mukalimani. Kiisha, kwa sababu kamulio kalikuwa kamekuwa kilio, aliniomba nimusindikize abatwari, pale wanachinja nyama, ili Bihogo asiteseke. Tulienda pole pole, tukisimama kila mara, ng'ombe katikati yetu. Watu njiani walifikiri tunaenda kuuza. Moja akauliza bei. Nilimutukana mpaka leo naona haya.

Muchinjaji alifanya kazi yake kwa heshima. Alifungua tumbo lile lenye sura ya masega ya nyuki, akaingiza mukono, akatoa, akaweka juu ya sementi. Kipande cha waya. Kingine. Kingine tena. Kimoja kilikuwa kimesimama ndani ya nyama kama musumari ukutani. Mama Katusabe alikuwa ameangalia upande wa ukuta. Aliniambia bila kugeuka, "Angalia weye, baba. Uniambie ni nini."

Niliokota kimoja, nikakiosha. Waya uliovunjwa na kutu unabakia na meno meno mwishoni. Huu haukuwa na meno. Ulikuwa umekatwa, sawa kabisa, pande mbili. Mimi nilikuwa nanoa vile visu kila Jumatatu.

Nikamwambia. Sikuwa na akili ya kutafuta neno lingine. "Mama, ni waya wa bondeni. Mashini imeukata."

Akauliza kama ndama alikuwa dume ao jike. Muchinjaji akasema jike.

"Eeh," alisema. "Jike." Na akaniomba tuende nyumbani. Nyama hakuichukua hata kipande.

Kesho yake nilitia vile vipande ndani ya leso, nikaenda ofisini kwa Frère. Nilikuwa nimekasirika, nilitaka kumukasirikia mutu. Sikupata mutu. Frère aliviangalia akaanza kulia, kweli kweli, machozi. Alienda kwa mama akasali naye, akamupa kazi jikoni kwa wasichana. Faustin alikataa kupanda mashini siku ile, alikaa chini ya ukuta wa garaji na kofia usoni. Nilimuomba Frère amurudishe mutu mbele ya mashini. Akafikiri kwa heshima, akasema, "Masta, lakini mashini haina shida. Nitawaeleza nini wafadhili? Na misioni haina ng'ombe." Nilifunga leso yangu. Nikarudi garaji. Mashini ilikuwa haina shida. Mpaka naacha kazi haikuwahi kuharibika, mara moja tu ilitaka buji mupya, ile plagi ya kuwashia motere.

Mama Katusabe alishukuru kwa kazi ya jikoni, akaifanya muda kidogo. Lakini ile kamba nyuma ya nyumba ilibaki imefungwa kwenye muti wake, na mimi usiku sikulala vizuri kwa ukimya. Siku moja akaja kuniaga. Aliondoka asubuhi, na kifurushi, na jembe. Mbele yake hakikutembea kitu.

Basi hiyo njo nusu ya jibu ambayo hamukungoja. Munanunua mashini, nunueni ya bei kali. Lala chini, gonga bati, tafuta buloni ya bwati, zunguka na mukanda sokoni. Hiyo yote ni kweli. Lakini munajua mutu anayewaomba majani baada ya kukata? Kila parsele yuko moja. Mama mwenye mbuzi, muzee mwenye sungura, mutu na ng'ombe yake moja. Watakuja na mashuka yao, na ninyi mutasema "chukueni," na mutajiona watu wazuri. Kwa hiyo, mbele ya mashini yenu, mutu atembee. Hata kama haiogopi waya. Hasa kama haiogopi. Watu watawacheka: mumenunua kitu kikali hivi, kisha mumeweka mutu wa kutembea mbele yake na fimbo kama kipofu? Waache wacheke. Na kama hamuna wa kumuweka, shukeni ninyi, mutembee. Faustin sasa anatembea mwenyewe, kila mara, mbele hajawasha. Hakuna aliyemutuma.

Mwaka huu, barabara ilipokuwa nzuri, nilipanda moto, ile pikipiki, nikaenda Bogoro kumusalimia. Nilimukuta anapalilia. Alifurahi sana, alinishika mikono yote miwili, akauliza habari ya kila mutu wa Ngezi, mpaka ya watu nisiowapenda. Zizi lake liko pale, kando ya nyumba, miti ingali imara, mulango umefungwa na kamba. Ndani yake majani yameota marefu, mabichi, mazuri sana. Hakuna aliyeyakata.

Alinikalisha, akaenda jikoni, akakawia. Majirani zake walipita wakatusalimia, nao wakakaa, maana mugeni wa mutu ni mugeni wa wote. Alirudi na chai. Aliiweka mbele yangu na mikono miwili, chini chini, na hakuniangalia usoni.

"Papa Uketi, utanisamehea," alisema, na wenzake wote walisikia. "Kwangu mugeni anakunywa chai kavu."

Kwetu ziwani chai kavu, bila maziwa, njo chai. Nimeinywa tangu utoto na siisikii tofauti. Nilifungua mudomo nimwambie hivyo, kiisha nikaona namna wale majirani wameinamisha vichwa. Nikainywa yote, nikamupa kikombe, akanimiminia tena.